Mbio za milimani: nani hulipa, nani hulipwa, na Elgon iko wapi kwa hiyo hesabu

Kama umeishi Kanduyi hata wiki moja unajua hii kitu. Mvua inyeshe usiku, asubuhi uamke, Mlima Elgon umejianika huko juu ya Chwele kama mtu amefungua pazia. Kufika saa nne umeshajifunika mawingu tena. Sisi tumeuzoea, hatuushughulikii. Lakini kuna wasee duniani wanaotoa doh ya maana na kupanda ndege ndio wakimbie kwa mlima kama huo hadi magoti yakatae. Na usifikiri kuna mtu anawalipa. Wao ndio wanalipa.

Hiyo game inaitwa trail running. Hapa tutaiita mbio za vijia, na kama wewe ni mtu wa Bungoma utaielewa haraka ukisema ni mbio za njia za panya. Miaka ya 1976 na 1977, wakati bei ya kahawa ilipanda duniani, magunia yalivuka kutoka Uganda kupitia Chepkube usiku na mchana, kwa mgongo, kwa punda, kwa kila kitu. Watu wakaomoka hadi leo soko moja Bungoma mjini linaitwa jina hilo. Chukua njia kama zile, toa gunia, weka namba kifuani. Mchezo ni huo.

Tofauti yake na mbio za nyika za shule ni kwamba hapa huzunguki uwanja. Unatoka pointi moja unaenda nyingine, kupitia mawe, mizizi, matope na mito, na mbali na kilomita watu wanahesabu mita ulizopanda. Zinaweza kuwa kilomita 10, zinaweza kupita 160. Kitu chochote kinachozidi 42.195 kinaitwa ultra. Halafu kuna ndugu yake mfupi, mbio za milimani zenyewe, ambazo ni kupanda tu, ama kupanda na kushuka. Huyu ndugu mfupi ndiye wa watu wetu, tutamrudia.

Ilianzaje kuwa biashara

Mwaka 1974 huko California kulikuwa na mashindano ya farasi ya maili 100. Jamaa mmoja, Gordy Ainsleigh, akaamua kwenda bila farasi. Akamaliza chini ya saa 24. Kutoka hapo ikazaliwa Western States 100, ambayo mpaka leo huchukua watu 369 pekee, kwa sababu njia inapita kwa msitu wa serikali na kibali kimeweka kikomo. Kwa bahati nasibu ya 2024 walioomba walikuwa karibu 10,000.

Soma hiyo sentensi tena. Watu karibu 10,000 wanapigania nafasi 369 za kuteseka. Hapo ndipo mtu wa biashara alisimama akakuna kichwa.

Ulaya nako kuna UTMB, inayozunguka Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, kilomita zaidi ya 170 na kupanda karibu mita 10,000. Ya kwanza ilikuwa 2003. Walioanza walikuwa zaidi ya 700, waliomaliza ni 67, na mshindi alikuwa Mnepali, Dawa Sherpa. Siku hizi wiki ya UTMB huleta wakimbiaji kama 10,000 kwa mji mdogo wa Chamonix. Mwaka 2021 waandaaji waliungana na kampuni ya Ironman, ile ya triathlon, wakaunda msururu wa mbio duniani kote. Na hapa ndio kuna akili: huwezi kuomba nafasi ya mbio kubwa kabla ukimbie mojawapo ya mbio zao zingine, uokote kile wanaita mawe. Kila jiwe ni tiketi moja kwa droo. Ukikosa, unarudi kutafuta mawe mengine, na kila jiwe lina ada yake, ndege yake, hoteli yake.

Kuna watu wa kitambo kwa mchezo wanaona hiyo ni kuuza mlima. Mimi naona wako na point, lakini droo bado inajaa.

Sasa mkimbiaji anapata nini?

Kidogo, kuliko unavyofikiria. Kwa marathon ya barabarani kama Boston, mshindi siku hizi anabeba dola 150,000. UTMB kwa miaka mingi mshindi alienda nyumbani na kikombe na makofi. Zawadi zimeanza kuongezeka juzi juzi tu, na bado huwezi kuzilinganisha na lami. Doh ya mkimbiaji mkali wa vijia inatoka kwa kampuni za raba na nguo, na hizo kampuni zinatafuta mtu atakayemuuzia kiatu yule msee wa ofisini anayekimbia wikendi. Raba mpya za vijia huko Marekani ni kati ya dola 130 na 180, yaani zaidi ya 16,000 za Kenya. Kwa hivyo bosi wa hii game ni yule msee wa nafasi ya 4,000 mwenye kadi ya benki.

Ndio maana Wakenya wengi hawajaikimbilia. Ukiwa na kipaji na umesota, utaenda kwa lami ama uwanjani, si mlimani. Lakini wale wameenda wanatesa. Patrick Kipngeno alishinda dunia kwa mbio za kupanda mwaka 2022 huko Chiang Mai, Thailand, akarudia 2023 huko Innsbruck, Austria. Joyce Njeru na Philaries Kisang nao wamechukua mbio kadhaa za Kombe la Dunia. Wengi wa hawa wanapitia Run2gether, klabu ya Wakenya na Waaustria inayowapeleka Ulaya msimu wa kiangazi, wanakimbia karibu kila wikendi, zawadi ndogo ndogo zinajumlishwa. Kitu mbaya pia imefika: mwaka 2022 Wakenya wawili walioshinda Sierre-Zinal ya Uswisi, mwanamume na mwanamke, walipokonywa ushindi kwa sababu ya dawa za kusisimua misuli.

Bingwa wa dunia aliyeishi Trans Nzoia

Elgon yenyewe imezaa wakali kitambo. Ben Jipcho, fedha ya kuruka viunzi na maji Munich 1972, alikuwa wa huu mlima. Edith Masai alishinda mbio za nyika za dunia mara tatu mfululizo, 2002 hadi 2004. Linet Masai akachukua dhahabu ya mita 10,000 Berlin 2009. Lakini kwa mbio za milimani, jina la Elgon ni moja: Rebecca Cheptegei.

Rebecca alikuwa mtu wa Bukwo, upande wa Uganda, na alikuwa mwanajeshi wa huko. Chiang Mai 2022, kwa ile mbio ya kupanda na kushuka, alishinda dhahabu ya dunia. Alikimbia pia marathon ya Olimpiki Paris Agosti 2024, akamaliza nambari 44. Alikuwa amenunua shamba Trans Nzoia, upande wa Endebess, akajenga nyumba karibu na pahali pa kufanyia tizi. Tarehe 1 Septemba 2024 mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma akiwa ametoka kanisani na binti zake. Polisi walisema wawili hao walikuwa wakizozania hiyo ardhi. Alifariki tarehe 5 Eldoret, akiwa na miaka 33. Mwanamume huyo pia alikufa kwa majeraha ya moto.

Hii iko kwa makala ya pesa kwa sababu ni makala ya pesa. Mkimbiaji wa hapa akipata, hanunui hisa. Ananunua shamba, kwa sababu ndio kitu wazazi wanaelewa na benki inaelewa. Na shamba lina hati, hati ina jina, na kwa mwanamke aliyelipa mwenyewe bado kuna mtu anasimama kudai lilikuwa lao wote. Kabla yake tulimzika Agnes Tirop, aliyeuawa Iten Oktoba 2021, na wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kusaidia wanawake walio kwa hiyo hali. Dada, ukianza kushinda kitu, jina kwa hati liwe lako, na ushauri wa wakili uje kabla ya mawe ya msingi.

Mlima nao unaweza kulipa?

Angalia wengine. Lewa, huko Isiolo na Meru, imekuwa na marathon ya barabara za vumbi ndani ya hifadhi tangu mwaka 2000, walinzi na helikopta wakichunga wanyama wasikutane na watu. Kinachochangwa kinaenda kwa uhifadhi, shule na afya. Uganda nao wana Rwenzori Marathon tangu 2022 kule Kasese, wazo la mtu wa utalii Amos Wekesa, na lengo halikufichwa: kuleta wageni walale, wale, wapande mlima.

Kwa sababu hesabu ya mbio za vijia ni hii. Sema unaleta wasee 200, kila mmoja analipa 2,000. Hiyo ni laki nne. Toa ambulensi, daktari, kupima muda, medali, fulana, vibali, maji, vijana wa kusimama kila kona ya msitu. Umebaki na nini? Na huwezi kujaza watu 10,000 kwa kijia cha mtu mmoja kama unavyojaza barabara ya Nairobi. Mwandaaji mdogo mara nyingi anaambulia patupu. Lakini wale 200 wamelala Kapsokwony ama Kitale usiku mbili, wamekula ingokho, wamepanda nduthi, wamenunua asali, wamelipa mtu wa kuwaonyesha njia. Doh iko hapo, na inaangukia watu wengi kidogo kidogo. Kaunti ikitaka kusaidia, ilipe ambulensi na irekebishe barabara. Hotuba tunazo za kutosha.

Na vijia ni vya nani? Hilo ndilo swali la Elgon. Kati ya 2006 na 2008 watu walikufa hapa kwa sababu ya mashamba ya Chebyuk, enzi za SLDF na baadaye jeshi. Chepkitale iligeuzwa hifadhi mwaka 2000, na Waogiek wamepigania ardhi hiyo hadi mahakama ya Bungoma. Upande wa Trans Nzoia ni mbuga ya KWS, unaingilia lango la Chorlim, kuna nyati, na ndovu wanaoingia pango la Kitum usiku kulamba chumvi. Mwandaaji akija na ramani ya setilaiti bila kuongea na wazee wa hapo, hiyo mbio itaisha kabla ya kuanza.

Ukitaka kujaribu wewe mwenyewe

Usianze na Elgon. Anza na vilima vya Sang'alo, ama Chetambe pale Webuye, ambapo Wabukusu walipigana na Waingereza 1895. Kupanda, tembea, hata mabingwa wanatembea pahali pakali, hakuna aibu. Kushuka ndiko kunaumiza, mapaja yatakukumbusha siku tatu. Raba tafuta mitumba, angalia soli yenye meno na isiyoteleza ukiibonyeza kwa jiwe lenye maji, na uache nafasi ya kidole gumba mbele, la sivyo kucha inaenda. Nenda na mbogi, mwachie mtu nyumbani njia mtakayopita, na simu iwe na chaji. Kwa Elgon yenyewe, ongea na KWS kwanza upewe askari wa kutembea nanyi, na muwe mmeshuka kabla ya saa nane, kwa sababu mvua ya huko juu haipigi hodi.