Mvuke wa Olkaria na Shughuli Zilizouzunguka

Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa la Kenya, ndiyo kitovu cha umeme wa jotoardhi barani Afrika. Haikutangulia, maana katika miaka ya 1950 kituo kidogo cha Kiabukwa, Katanga, nchini Kongo, kilikwisha kuzalisha umeme kwa maji ya chemchemi ya moto. Visima viwili vilivyochimbwa Olkaria mwaka 1956 havikufanikiwa, na kazi ikalala zaidi ya miaka kumi. Ilifufuliwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970 ikapata msukumo mpya. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Kufikia 1985 ilikuwa mitatu.

Kinachowatisha wenye mitaji ni uchimbaji. Kisima hugharimu mamilioni ya dola na pengine kisitoe kitu. Kwa busara, mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya kuendeleza jotoardhi, GDC, ichimbe kwa fedha za umma, ibebe hasara hiyo, kisha iwauzie wazalishaji wa umeme mvuke uliokwisha kupatikana.

Lakini joto hilo lilikuwa na kazi kabla ya nyaya za umeme. Kule Eburru, karibu na Ziwa Naivasha, wakulima walikaushia pareto tangu enzi ya ukoloni, na wenyeji, ambao maji kwao ni ya shida, huupoza mvuke wapate ya kunywa. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kupasha joto vivungulio vya waridi kwa kisima kilichokodiwa kutoka KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Usiku wa Naivasha ni wa baridi, na unyevu ukituama juu ya majani huzaa ukungu. Joto huukausha, dawa zikapungua. Hata kaboni dayoksaidi iliyotoka kisimani iliingizwa humo kustawisha maua. Huko Menengai, karibu na Nakuru, GDC ikajaribu mvuke katika kuchemsha maziwa, kufua nguo na kufuga samaki.

Gharama ya kupanuka kwa Olkaria iliwaangukia wafugaji. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishiwa makazi mapya ya RAPland kupisha kituo cha umeme cha Olkaria IV. Zililalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na malalamiko yakaenda kwenye usuluhishi. Wakati huo KenGen ilikuwa ikielekea kwenye mpango mwingine: eneo la viwanda papo hapo Olkaria, viwanda vipate umeme na mvuke jirani na visima.