Misaada ya Fedha na Wachapishaji wa Kujitegemea wa Vitabu vya Kiswahili

Historia ya vitabu vya Kiswahili aghalabu imesimuliwa kwa kuwafuata waandishi na kazi zao. Ni mara chache imesimuliwa kwa kuzifuata fedha. Hata hivyo, kitabu hakitoki mikononi mwa mwandishi na kumfikia msomaji bila mtu wa kati aliyekubali kulipia karatasi na kazi ya mpiga chapa miezi mingi kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Mtu huyo akiwa kampuni kubwa ya ng'ambo au shirika la serikali, hasara ya kitabu kimoja hufunikwa na faida ya kingine. Akiwa mchapishaji mdogo anayejitegemea, kitabu kimoja kilichododa ghalani chaweza kumfungia mlango. Kwa sababu hiyo mchapishaji wa namna hii amelazimika kuomba msaada, na anayeombwa huwa na maswali yake. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali hayo, kwani yameacha alama katika Kiswahili kinachosomwa.

Maombi ya kwanza hayakuwa ya fedha. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilipewa, pamoja na kazi nyingine, jukumu la kuipitia miswada ya vitabu vya shule na kuitolea ithibati. Kamati haikuwa na hazina ya kumlipia mtu gharama za uchapaji. Lakini kitabu kilichopata ithibati kilifunguliwa soko la shule, na kilichoikosa kilifungiwa soko hilo. Kwa mchapishaji hilo lilikuwa sawa na kupewa fedha au kunyimwa. Swali la Kamati lilikuwa moja: je, Kiswahili hiki ni sanifu? Lawama zilizotolewa baadaye kwamba ladha ya Kimvita na ya Kiamu ilikwanguliwa katika vitabu vya wakati huo zina msingi, ingawa hazielezi mambo yote. Swali la Kamati, hata lilipoulizwa kwa ukali uliopita kiasi, lilikuwa swali la lugha. Maswali yaliyofuata hayakuwa hivyo daima.

Mwaka 1948 East African Literature Bureau ilianza kazi mjini Nairobi chini ya Charles Richards, aliyekuwa na uzoefu wa biashara ya vitabu ya misheni. Bureau ilijaribu kulitatua tatizo la hasara waziwazi. Miswada iliyoelekea kuuzika ilipelekwa kwa makampuni ya biashara. Ile iliyohofiwa kutouzika ilichapishwa na Bureau yenyewe kwa jina la Eagle Press. Mpango huo uliwasaidia waandishi wengi kuonekana, na si haki kuubeza. Pamoja na hayo, matokeo yake kwa mchapishaji wa Kiafrika yalikuwa mabaya: faida ilikwenda London, hasara ikabaki kwa umma, na kati ya hizo mbili hapakubaki nafasi ya mtu wa Mombasa au Tanga kuanzisha nyumba yake ya vitabu.

Shaaban Robert alijaribu. Mwishoni mwa maisha yake baadhi ya kazi zake zilitoka Tanga kwa jina la Art and Literature, jumba dogo alilolianzisha mwenyewe. Hapo mwandishi alikuwa mchapishaji, na mchapishaji alikuwa muuzaji. Mfano huu wapaswa kuangaliwa kwa makini na wanafunzi wa fasihi, kwa sababu unamhusu mtu ambaye sifa yake ilikwisha kuenea, na ambaye vitabu vyake vilikuwa na wasomaji. Kama kuna mwandishi wa Kiswahili ambaye angeweza kujitegemea bila mfadhili, ni yeye. Alifariki mwaka 1962, na jumba lile halikuendelea kuwa nguzo ya uchapishaji. Kazi zake zikatawanyika katika makampuni mbalimbali, na diwani zake zikachapishwa na Nelson.

Baada ya uhuru jibu lilikuwa kuanzisha mashirika makubwa. East African Publishing House iliundwa Nairobi mwaka 1965, na Tanzania Publishing House ikafuata Dar es Salaam mwaka 1966. Kazi yao ilikuwa kubwa, lakini yaliyowakuta yanajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na soko moja likawa masoko matatu yenye mipaka na ushuru. Nchini Tanzania, baada ya vita vya 1978 na 1979, uhaba wa fedha za kigeni uliifanya karatasi kuwa bidhaa ya kubembelezewa. Katika hali hiyo mchapishaji hakukosa miswada wala wasomaji. Alikosa mtaji.

Hayo ndiyo yaliyozungumzwa katika semina iliyoitishwa Arusha mwaka 1984 kwa msaada wa Dag Hammarskjöld Foundation ya Uswidi. Wachapishaji walieleza jambo ambalo wanalugha huenda hawalifikirii: benki haikubali mswada kuwa rehani. Nyumba, shamba au gari huweza kuwekwa rehani. Hadithi haiwezi, na hata vitabu vilivyokwisha kuchapwa na kupangwa ghalani huhesabiwa na benki kama karatasi tu. Kutokana na mazungumzo hayo ulizaliwa mpango wa dhamana uliojaribiwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfadhili hakumpa mchapishaji fedha. Aliidhamini mikopo yake kwa benki, na mchapishaji akabaki na wajibu wa kulipa. Mpango huu ulimchukulia mchapishaji kama mfanyabiashara, na jambo hilo lilikuwa na heshima yake. Kasoro yake, kwa upande wa Kiswahili, ni kwamba mwenye deni huchapa kile kitakacholipa deni upesi, nacho ni kitabu cha shule. Mshairi hakumfaa mdaiwa.

Mpango uliokigusa Kiswahili moja kwa moja ulianzishwa Tanzania mwaka 1991, kwa jina la Children's Book Project, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Yafaa ikumbukwe kwamba CODE lilianza mwaka 1959 likiwa ghala la kukusanya vitabu na kuvisafirisha nchi za mbali. Kwa miaka mingi, basi, watoto wa Afrika waliletewa masanduku ya vitabu vya Kiingereza vilivyokwisha kusomwa na wengine. Kuacha kusafirisha vitabu na kuanza kulipia vitabu vinavyoandikwa na kuchapishwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, yalikuwa mageuzi ya fikra na si ya uhasibu pekee.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mchapishaji alipeleka mswada. Mswada ukasomwa na kuchujwa. Uliokubaliwa ukachapishwa nakala 5,000. Kati ya hizo mradi ulinunua 3,000 na kuzigawa shuleni na katika maktaba, na 2,000 zilizobaki zikawa za mchapishaji kuuza. Hivyo asilimia 60 ya toleo ilikuwa imeuzwa kabla mashine haijawashwa. Ubora wa mpango huu ni kwamba fedha zilikifuata kitabu hadi kwa msomaji. Ruzuku ya kawaida humlipa mchapishaji kwa kuchapa, na kitabu chaweza kuozea ghalani bila mtu kuulizwa. Hapa malipo yalikuwa bei ya kitabu kilichokabidhiwa. Kadhalika mradi uliendesha mafunzo ya waandishi, wachoraji na wahariri, na kwa njia hiyo swali la lugha, lililokuwa limesahauliwa na wafadhili wengine wengi, likarudi mezani.

Mwaka huohuo wa 1991 Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972 hadi 1990, alianzisha Mkuki na Nyota. Wachapishaji wengine wadogo walijitokeza pia, kwa kuwa serikali ilikuwa imeanza kulegeza ukiritimba wake katika vitabu vya shule. Kwa wengi wao zile nakala 3,000 zilikuwa ndiyo tofauti kati ya kuwa mchapishaji na kuwa mtu mwenye nia ya kuchapisha.

Lakini mpango mzuri nao huzaa tabia. Kwa kuwa gharama zilirudi kwa nakala 3,000, mchapishaji mvivu hakuona haja ya kuhangaika na zile 2,000. Duka la vitabu la wilayani, ambalo ndilo lingemjengea soko la kudumu, liliendelea kufa mbele ya macho yake. Tena kitabu kilianza kufuata umbo la fomu: hadithi fupi, kurasa chache, picha nyingi, msomaji wa shule ya msingi. Fasihi ya watoto ya Kiswahili ilistawi kuliko wakati wowote uliotangulia, na hilo ni jambo la kushukuru. Riwaya ya watu wazima, tamthilia na diwani hazikuwa na fomu ya kujaza. Msomaji aliyelelewa na vitabu vile alipofika umri wa miaka kumi na sita alikuta rafu tupu.

Kuanzia 2013 na 2014 serikali ya Tanzania iliirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya kuandika na kuchapisha vitabu vya kiada. Mchapishaji wa kujitegemea alipoteza kitabu kile kilichokuwa kikilipia hasara za vingine, na akarudi palepale alipokuwa Shaaban Robert, isipokuwa sasa ana washindani wengi zaidi wa msaada uleule mdogo. Mwaka 2014 pia ilianzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo iliipokea miswada ya riwaya na ushairi, na vitabu vilivyoshinda vikachapishwa na Mkuki na Nyota na East African Educational Publishers. Hapo ile rafu tupu ilianza kupata vitabu. Fedha za tuzo, hata hivyo, ni za mwandishi. Mhariri anayekaa miezi mitatu na mswada wa riwaya, akipima sentensi moja baada ya nyingine, bado hana mstari wake katika makisio ya gharama ambayo mchapishaji huyapeleka kwa mfadhili. Mpiga chapa anao, mchukuzi anao, na hata mkaguzi wa hesabu anao.