Wazazi Mlangoni pa Hazina

Mtu atokaye Mtwara mjini akashika njia ya kusini, akapita Madimba penye mitambo ya kusafishia gesi, na akaendelea katika mchanga na minazi mpaka mwendo wake ukatimia kilomita zipatazo 40, hufika Msimbati, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichokaa juu ya ulimi wa nchi kando ya Ghuba ya Mnazi, ambapo kusini yake mto Ruvuma humwaga maji yake baharini katika mpaka wetu na Msumbiji. Hapa ndipo kampuni ya Kiitaliano iitwayo AGIP ilipotoboa ardhi mwaka 1982 ikakuta gesi. Na gesi hiyo, baada ya kulala kisimani zaidi ya miaka 20, ikaanza kuwasha taa za Mtwara, na tangu mwaka 2015 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Nimeanza na gesi, ingawa habari yangu ni ya watoto wenye usonji, kwa kuwa historia ya tiba ya watoto hawa, kila ilikoandikwa duniani, ni historia ya wazazi walioiendea hazina ya umma. Nasi wa upande huu hatuwezi kusema kwamba hazina haina njia ya kupitia kwetu.

Katika kijiji cha pwani, mtoto asiyegeuka anapoitwa jina lake ilhali husikia mlio wa pikipiki kabla ya watu wote, apangaye simbi mstari mmoja tangu asubuhi hata adhuhuri na kulia kwa uchungu usiotulizika simbi moja ikihamishwa, arudishaye neno la mwenziwe kama mwangwi badala ya kulijibu, na azibaye masikio ngoma ikilia, alikuwa na majina mengi pasipo kuwa na jina moja lililo lake. Wengine walimwita bubu, na hali si bubu; wengine walimwita zezeta au taahira, na hali huenda anajua njia za kijiji kuliko mtu mzima; wengine walinong'ona kwamba amekaliwa na pepo, au kwamba mama yake alikiuka mwiko wakati wa mimba. Neno usonji ni la juzi. Limeletwa na redio, na walimu, na wauguzi, na hata sasa ziko nyumba nyingi ambazo halijaingia.

Liko hata hivyo neno jingine, la kale, ambalo mama wa pwani hulitaja kwanza anapoulizwa mwanawe alianza lini kuwa hivyo: degedege. Wazee waliliamini kuwa ni pepo ajaye kwa umbo la ndege wa usiku, ambaye akimpitia mtoto juu yake, mtoto hukakamaa, macho yakapinduka na viungo vikatetema; na dawa yake ikawa mafusho, na kuogeshwa majani, na hirizi shingoni, na kombe la maandiko likinywewa, pamoja na hadhari kubwa kwamba mtoto asichomwe sindano, kwa maana sindano, walisema, itamwua. Watabibu hulijua degedege kuwa ni mtukutiko wa homa kali, na aghalabu homa hiyo ni malaria iliyopanda ubongoni. Hadhari ile ya sindano imewazika watoto wengi, na siitetei. Walakini ushahidi wa mama juu ya wakati ni kitu kingine. Mwaka 2006 watabibu wa Tanzania na wa Marekani walitangaza uchunguzi wa watoto 20 wa nchi hii. 14 kati yao walitimiza masharti ya usonji, na katika hao 14 watatu walikuwa wamekua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, kisha dalili za usonji zikawashika walipoinuka katika malaria kali yenye homa ndefu na degedege. Kwa wengine wanne wakati wa maradhi na wakati wa usonji vilikaribiana, ila wachunguzi hawakuthubutu kusema kwamba moja lilizaa la pili, maana malaria ni maradhi ya kila nyumba. Na wenyewe walikiri kwamba usonji mwingi asili yake ni ya kuzaliwa nayo, katika damu ya ukoo. Pamoja na hayo yote, mama asemaye kwamba mwanawe alikuwa mzima mpaka usiku ule wa degedege, hastahili kudharauliwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Dharau kwa mama si yetu peke yetu. Leo Kanner, tabibu wa watoto huko Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii, aliona kwamba ilikuwapo tangu mwanzo wa uhai wao. Lakini aliona pia, au alidhani ameona, kwamba wazazi wao walipungukiwa na upole, na dhana hiyo ikakua mikononi mwa wengine mpaka ikawa hukumu. Kwa muda wa miaka 20 na zaidi wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwaambia akina mama kwamba baridi ya nyoyo zao ndiyo iliyomfungia mtoto ndani ya nafsi yake, na Bruno Bettelheim akaieneza hukumu hiyo kwa kitabu mwaka 1967. Nikiitazama kwa insafu, siioni tofauti kubwa baina ya mtaalamu yule na mganga asemaye kwamba mama amevunja mwiko: wote wawili hawakujua chanzo, na wote wawili waliuficha ujinga wao nyuma ya mwanamke.

Walioivunja hukumu hiyo ni wazazi. Mwaka 1962 baadhi yao walikutana London wakaunda chama, akiwamo Lorna Wing, ambaye alikuwa tabibu na kadhalika mama wa binti mwenye usonji; na mwaka 1965 chama hicho kikafungua shule Ealing, chini ya mwalimu Sybil Elgar. Marekani, Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa katika utumishi wa jeshi la majini, ambaye mwanawe alikuwa na hali hiyo, alikusanya kila kilichoandikwa juu yake, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba usonji ni jambo la ubongo, wala si la mapenzi ya mama. Mwaka uliofuata akaita wazazi wenziwe wakaanzisha chama cha taifa. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya chama hicho akawatangazia wazazi kwamba hawana hatia. Walikwisha kubeba mzigo huo robo ya karne.

Mzigo wa lawama ulipotuliwa, ulibaki mzigo wa kazi. Ole Ivar Lovaas, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alikuwa ameanza tiba ya tabia, ambayo msomaji aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani ataielewa upesi kuliko wengi. Mwalimu hampi mtoto juzuu siku ya kwanza. Humpa alifu, kisha humpa alifu na fataha, kisha kasra, kisha dhuma, na kila kipande hurudiwa mpaka ulimi ukizoee, na kipande kikishikwa husifiwa. Tiba ya tabia hulifanya tendo lolote, kama kunawa mikono, au kuomba maji, au kumtazama aitaye, kuwa mfuatano wa vipande vidogo vya namna hiyo, na kila kipande hulipwa papo hapo kwa kitu mtoto akipendacho. Mwaka 1987 Lovaas alitangaza kwamba katika watoto wadogo 19 waliofundishwa hivi kwa saa 40 za juma, kwa miaka miwili au zaidi, 9 waliingia darasa la kwanza la kawaida na kupata alama za akili za kawaida. Wapo waliozipinga hesabu hizo, kwa sababu watoto hawakugawanywa kwa kura. Wala haifai kuficha kwamba katika miaka ya 1960 yeye na wenziwe waliwapiga watoto makofi na kuwatia umeme ili waache mienendo fulani, jambo ambalo dhamiri yangu hailikubali hata kama lingeponya. Kinachobaki katika tiba hii baada ya kuondoa ukatili ni subira na saa. Na saa 40 za juma ni mshahara wa mtu mzima.

Hapo ndipo wazazi walipofika mlangoni pa hazina. Nchini Marekani walikwenda mahakamani Pennsylvania, wakashinda mwaka 1972 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, na mwaka 1975 Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria iliyoamuru kila mtoto mwenye ulemavu afundishwe kwa gharama ya umma. Usonji ukatajwa katika sheria hiyo kwa jina lake mwaka 1990. Lakini daawa iliyoniathiri zaidi ni ile ya Kanada ijulikanayo kwa jina la Auton. Wazazi wa jimbo la British Columbia, waliokuwa wakilipia tiba ya tabia ambayo gharama yake ilikuwa baina ya dola 45,000 na 60,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, waliishitaki serikali ya jimbo wakidai kwamba kuwanyima watoto wao tiba hii, ilhali wagonjwa wengine hutibiwa kwa fedha za umma, ni ubaguzi. Mwaka 2000 mahakama ya jimbo iliwapa haki; mwaka 2002 mahakama ya rufani ikaithibitisha haki hiyo; kisha tarehe 19 Novemba 2004 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaitengua, majaji wote kwa kauli moja, kwa hoja kwamba sheria ya afya haikuahidi kila tiba, bali huduma za madaktari na hospitali, na yaliyo nje ya hapo ni hiari ya jimbo.

Wazazi walishindwa, na hata hivyo hawakurudi mikono mitupu: kelele za miaka ile zilikuwa zimekwisha kulazimisha jimbo kutenga ruzuku kwa watoto wadogo. Katika daawa hiyohiyo alisikilizwa Michelle Dawson, mwanamke mwenye usonji, aliyekuja kuwapinga wazazi wenyewe, akisema kwamba wanazungumza juu ya watu kama yeye kana kwamba ni balaa la kuondolewa. Sauti yake haikuwapendeza wengi. Mimi naiona ya lazima, kwa kuwa mtoto wa leo apangaye simbi atakuwa mtu mzima kesho, naye atatuuliza tulimtaka ajifunze kuomba maji, au tulimtaka awe mtu mwingine.

Afrika ya Mashariki ilichelewa kuingia katika habari hii. Mwaka 1978 Victor Lotter alitangaza aliyoyaona katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika alikokwenda kuwatafuta watoto hawa katika vituo vya wenye ulemavu wa akili. Aliwapata, ila wachache, na pengine waliokuwa nje ya vituo ndio waliokuwa wengi. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Elimu iliyomlazimisha kila mtoto aliyefika miaka 7 kwenda shule. Elimu yetu ya wenye ulemavu ilikuwa imekwisha kuanza kwa wasioona, Buigiri mwaka 1950, na kwa viziwi, Tabora mwaka 1963. Mwenye usonji alikuwa wa mwisho katika foleni, kwa kuwa ulemavu wake hauonekani kwa jicho. Mjini Nairobi, mwaka 2003, wazazi walianzisha Chama cha Usonji cha Kenya, na watoto wao wakapata kitengo katika Shule ya Msingi ya City. Dar es Salaam, kitengo cha usonji kilifunguliwa katika shule ya serikali ya Msimbazi Mseto, Ilala. Na katika miaka hii ya karibuni Taasisi ya Lukiza, ambayo mwanzilishi wake, Hilda Nkabe, ni mama wa mtoto mwenye usonji, imewatoa watu barabarani kukimbia mbio za kuchangia watoto hawa.

Msimbazi na Msimbati hutofautiana kwa herufi moja tu, na katikati yake zimelala kilomita zaidi ya 500 za barabara. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutaja umbali huo ilipotoa haki ya elimu na afya, wala haikumwambia mama wa Msimbati amwachie nani wanawe wengine anapompeleka mmoja Ilala.

Basi fedha ziko wapi? Sheria ya fedha za serikali za mitaa huziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma juu ya mapato ya biashara, na gesi ya Ghuba ya Mnazi huulipa ushuru huo kwa Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Tangu mwaka 2018, tena, sheria inaziamuru halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 2 kati yake ikiwa ni ya watu wenye ulemavu. Lakini huo ni mkopo wa biashara, nao hurejeshwa. Mtoto wa miaka minne hana biashara, na saa za mwalimu wake hazirejeshwi kwa mafungu ya kila mwezi. Kinachotakiwa ni kifungu katika bajeti ya kawaida: mshahara wa mwalimu mmoja aliyesomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichoko Arusha; chumba kimoja tulivu katika shule ya msingi iliyopo; nauli ya kumfikisha mtoto hospitali ya Ligula kupimwa masikio na kifafa; na mafunzo kwa wazazi, ambayo Shirika la Afya Duniani limekwisha kuyatayarisha kwa ajili ya mahali pasipo na wataalamu, ili mama aendeleze nyumbani kile mwalimu alichokianza darasani.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ombi likisemwa mkutanoni na mzazi mmoja, likaungwa mkono na wa pili na wa tatu, mtendaji wa kijiji hana budi kuliandika katika muhtasari. Kutoka hapo litakwenda kwenye kata, na kutoka kwenye kata litakwenda mezani kwa madiwani, kabla bajeti haijafungwa.