Adimu si nakala chache

Muuza vitabu vya mitumba wa Mnazi Mmoja akikupandishia bei kwa kuwa kitabu ni "toleo maalumu", mwombe mfungue pamoja ukurasa wa hakimiliki. Toleo la nakala chache ni ahadi ya mchapishaji: ametaja idadi, mara nyingi kila nakala ina namba yake na sahihi ya mwandishi, na amekubali kutochapa tena kwa sura ileile. Wachapishaji wadogo wa hadithi za ajabu na za kutisha huko Uingereza na Marekani wanaendesha biashara kwa ahadi hiyo. Lakini Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, riwaya fupi za ajabu kuliko nyingi tulizonazo, zilitolewa na Dar es Salaam University Press kama vitabu vya kawaida. Chapa hizo za awali zikikosekana, neno lake ni adimu.

Atatokea wa kusema tunabishania maneno, maana msomaji amekosa kitabu vilevile. Sikubali. Aliyeahidi nakala 200 akichapa ya 201 amevunja ahadi. Kitabu adimu hakimfungi yeyote. Uadimu hutokana na uhaba wa mtaji, bei ya karatasi na usambazaji mbovu, mambo yanayorekebishika. Tukiuita "toleo maalumu" tunaugeuza upungufu kuwa sifa, na hakuna adaiye sifa iondolewe. Wenye meza za vitabu, andikeni "adimu". Nanyi wachapishaji, mkiliona neno hilo, rudini mtamboni.