Mvinyo wa Rasi: nani aliyekanyaga zabibu?

Najua nimekuwa kimya, lakini mitihani imekwisha na sasa watu tunapumua. Wale mnaoniuliza kila siku eti huku Stellenbosch tunasoma au tunakunywa tu, leo nawajibu: Jumamosi tumefanya vyote viwili. Tumezunguka mashamba ya mizabibu kutwa nzima, na mimi kama kawaida yangu nimerudi na somo la historia. Tafuteni pa kukaa, ni refu kidogo.

Tulikuwa wanne. Mimi, Mkenya mmoja wa uhandisi anayejiona mtaalamu wa kila kitu chini ya jua, dada mmoja wa Unguja anayesoma mambo ya chakula (yeye hanywi, alifuata jibini, juisi ya zabibu na picha), na mshikaji wa hapa hapa ambaye ndiye aliyetuendesha. Huyu mshikaji jina lake la ukoo ni mwezi wa kalenda. Sitautaja ni mwezi gani, ila likumbukeni hilo.

Kwa wasiojua, kuonja mvinyo siyo kunywa. Unalipa, unawekewa glasi kadhaa, kila moja ina kiasi cha kulowesha ulimi. Unainamisha glasi uangalie rangi, unaizungusha, unanusa kama mtu anayetafuta gesi inavuja wapi, unaonja, halafu unatema kwenye ndoo. Mkenya wetu hapo pa kutema alikataa kabisa. "Nilipe pesa yangu halafu niteme? Kwetu hiyo ni laana." Mshikaji wetu yeye hakugusa glasi hata moja, na sisi tukajua ni kwa sababu ndiye dereva.

Sasa historia. Waholanzi wa ile kampuni yao ya biashara ya Mashariki, VOC, walitua Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 chini ya Jan van Riebeeck. Hawakuja kujenga nchi. Walikuja kufungua kituo cha meli zinazokwenda Asia: maji, mboga, nyama. Mabaharia walikuwa wanakufa kwa kiseyeye, na watu wa wakati ule waliamini mvinyo unasaidia, tena haukuoza kama maji ya mapipa. Kwa hiyo mizabibu ikapandwa 1655, na tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi umekamuliwa. Tarehe hiyo utaikuta kila mahali huku. Ni nchi chache sana duniani zinazoijua siku ya kuzaliwa ya mvinyo wao.

Tarehe ambayo huikuti kwenye chupa ni 28 Machi 1658. Siku hiyo meli ya Amersfoort ilitia nanga ikiwa na Waangola zaidi ya 170, wengi wao watoto, walionyang'anywa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa inawapeleka Brazili. Mwaka huo huo meli nyingine, Hasselt, ilileta watu kutoka Afrika Magharibi. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Amersfoort hadi mvinyo wa kwanza haifiki hata miezi kumi na moja. Mvinyo wa Rasi na utumwa wa Rasi ni ndugu waliofuatana ziwa.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Groot Constantia, upande wa Cape Town. Shamba hili lilianzishwa 1685 na gavana Simon van der Stel, yule yule ambaye mji wetu wa Stellenbosch umebeba jina lake. Pazuri jamani, tusidanganyane. Nyumba nyeupe, miti mikubwa, mlima kwa nyuma. Mvinyo mtamu wa Constantia ndio uliowahi kuwa maarufu kuliko wote wa kusini mwa dunia. Napoleon alikuwa akiletewa akiwa kifungoni St Helena. Jane Austen kautaja kwenye riwaya yake ya Sense and Sensibility kama dawa ya moyo uliovunjika. Mkenya akaonja akasema moyo wake umepona, ingawa sijawahi kusikia kama ulivunjika.

Aliyeufikisha mvinyo huo kwenye umaarufu wa Ulaya ni Hendrik Cloete, aliyenunua shamba mwaka 1778. Hapo nikamwambia dada wa Unguja kitu nilichokisoma darasani. Kampuni ilikuwa inatafuta wafanyakazi wa kulazimisha kila pembe ya bahari yetu: Madagaska, India, visiwa vya Indonesia, Msumbiji. Na kati ya 1776 na 1778 meli zake mbili, De Zon na De Jagtrust, zilipanda hadi pwani ya Waswahili kununua watu. Kumbukumbu za safari hizo zipo mpaka leo, wanahistoria wamezichapa. Yaani Cloete anasaini karatasi za shamba, na miaka hiyo hiyo kuna watu wa pwani yetu wanashushwa bandarini chini ya Mlima wa Meza. Kila mmoja aliishia shamba gani, siwezi kuwaambia. Dada akakaa kimya kidogo, akaweka glasi yake ya juisi chini, akasema: "Kumbe kwetu walishafika huku kabla ya viza."

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kwa jumla, kati ya 1652 na 1808 waliletwa Rasi watumwa wapatao 63,000. Mgawanyo wao ni karibu robo robo: robo Afrika bara, robo Madagaska, robo India na jirani zake, robo Indonesia. Ndio waliochimba mashimo ya mizabibu, waliochuma, waliokanyaga zabibu kwa miguu na kufua vyuma vya mapipa. Zile nyumba nyeupe tunazopigia picha wamezijenga wao. Na majina yao yalifutwa mlangoni. Mtu aliandikwa jina la kwanza alilopewa na bwana wake, kisha alikotoka: van Bengale, van Madagascar, van Mosambiek. Wengine waliitwa kwa mwezi: Februari, Aprili, Septemba. Ndiyo, ule mwezi wa mshikaji wetu. Koo hizo zimejaa Cape Town na vijiji vya huku mpaka leo.

Mwaka 1808 Uingereza, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeitwaa Rasi, ilipiga marufuku kuleta watumwa wapya. Ungedhani hapo mambo yalilegea. Wapi! Mwaka 1813 Waingereza wakashusha ushuru wa mvinyo wa Rasi kwa sababu vita na Napoleon vilikuwa vimewaharibia biashara na Ufaransa. Kila mtu mwenye ardhi akapanda mizabibu. Kazi ikaongezeka, watu wakawa wale wale. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo London ilikuwa inajisifu kwa kuzuia biashara ya watu, wanywaji wa London ndio waliokuwa wanaongeza uzito kwenye migongo ya watumwa wa huku. Na Waafrika waliokombolewa na manowari za Uingereza kutoka meli za watumwa, wengi wa upande wa Msumbiji, walishushwa Cape Town wakafungwa kwa mikataba ya "uanagenzi" hadi miaka 14. Huru kwa karatasi tu.

Shamba moja tulilopita njiani lina mnara mweupe wa kengele. Maharusi wawili walikuwa wanapigwa picha chini yake, na kweli walipendeza. Kengele ile ndiyo iliyokuwa saa ya watumwa: kuamka, kwenda shambani, kula, kurudi. Mshikaji alipunguza mwendo, akaitazama, akaendelea kuendesha bila neno.

Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini watu wakalazimishwa kubaki kwa mabwana wao miaka minne zaidi, hadi 1 Desemba 1838. Fidia ilitolewa, ndiyo. Kwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa walitoka bila ardhi na bila senti. Ukivuka kilima cha Helshoogte kutoka Stellenbosch unashuka kwenye kijiji cha Pniel, kilichoanzishwa 1843 kama kituo cha misheni kwa watu hawa. Hapo ndipo mshikaji alipotusimamisha, kwa shangazi yake, tukapewa chai na keki. Na hapo ndipo alipotueleza kwa nini hanywi.

Wengi hawakupata nafasi Pniel wala misheni nyingine. Walirudi shamba lile lile kuomba kazi, na sehemu ya ujira wao ikawa mvinyo. Mfumo huo unaitwa dop, na ulianza tangu enzi za utumwa. Kikombe asubuhi kabla ya jua, kingine wakati wa chai, kingine mchana, kingine alasiri, na cha mwisho wakati wa kufunga kazi. Babu yake mshikaji alikuwa na kikombe chake cha bati. Alipokuwa na miaka kumi na kitu alikuwa tayari anapanga foleni na watu wazima. "Msidhani sinywi kwa sababu naendesha," akasema. "Nimejitolea kuendesha kwa sababu sinywi."

Mkenya alikuwa na utani mdomoni, nilimwona. Akaumeza.

Ukiutazama kiuchumi, mfumo ule ulikuwa na akili ya kishetani. Mwaka 1886 yule mdudu wa filoksera anayekula mizizi ya mizabibu aligunduliwa Rasi, mashamba yakaharibika, yakapandwa upya kwa wingi mno, na mwanzoni mwa karne ya 20 mvinyo ukazidi soko. Ndiyo maana wakulima waliunda chama chao cha KWV mwaka 1918, kupandisha bei. Lakini ule mvinyo mbovu usionunulika ulikuwa na mnunuzi asiyeweza kukataa: mfanyakazi. Shamba linapunguza mshahara, linaondoa ziada, na mtu aliyezoea kikombe hahami. Sheria zilikuja kuupiga marufuku katika karne ya 20, lakini wasimamizi walifumba macho, na hata miaka ya 1990 watafiti bado waliukuta kwenye baadhi ya mashamba. Matokeo yake hayajaisha. Viwango vya watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni kwenye vijiji hivi ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani. Hilo nalo ni zao la mizabibu.

Tukamalizia Franschhoek, Kona ya Wafaransa. Walikuja kuanzia 1688, Waprotestanti waliokimbia mateso kwao, wapatao mia mbili hivi. Wana mnara wao mkubwa pale, uliozinduliwa 1948, na mashamba yamebaki na majina ya Kifaransa. Siwabezi, mkimbizi ni mkimbizi. Ila jiulize: wakimbizi mia mbili wanakumbukwa kwa mnara na majina ya mashamba, na wale 63,000 wanakumbukwa kwa miezi ya kalenda.

Najua mtaniuliza, sasa tusinywe? Dada wa Unguja na mshikaji wana majibu yao, na nayaheshimu. Mimi nilionja, na mwingine ulikuwa mtamu kweli. Lakini nadhani ukishajua, huwezi tena kunusa glasi ukaishia kwenye "matunda meusi na moshi kidogo" kama walivyotuandikia kwenye karatasi. Swali la nani kachuma linakuja lenyewe. Mwaka 2012 wachumaji wa zabibu za kula kule De Doorns waligoma, kima cha chini kikiwa randi 69 kwa siku. Walitaka 150. Mwaka 2013 serikali ikaweka 105. Kwa kima hicho kipya, chupa moja nzuri ilikuwa inameza mshahara wa siku na chenji haibaki.

Na nyumbani tuna Dodoma yetu, inayovuna mara mbili kwa mwaka wakati huku ni mara moja tu. Kule zabibu nyingi zinalimwa na wakulima wadogo kwenye viwanja vyao, tumshukuru Mungu hatukupita njia hii. Lakini swali ni lile lile: kwenye bei ya chupa, mwenye jembe anapata ngapi?

Kuna jina moja nataka mliandike. Ntsiki Biyela. Alitoka kijijini KwaZulu-Natal, akaja chuo hiki hiki 1999 kwa ufadhili kusomea mvinyo, kinywaji ambacho hakuwahi kukionja, wakati masomo yalikuwa yanafundishwa kwa Kiafrikana ambacho hakukijua. Akahitimu, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza mweusi Afrika Kusini kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Baadaye akaanzisha mvinyo wake mwenyewe, akauita Aslina. Hilo siyo jina la gavana wala la kijiji cha Ufaransa. Ni jina la bibi yake.

Haya, nimemaliza. Wiki ijayo matokeo yanatoka, niombeeni.