Kusawazisha kamera na rada za gari: gereji au fundi wa kufuata gari

Tangu Julai 7, 2024, kila gari jipya linalosajiliwa katika nchi za Umoja wa Ulaya linatakiwa kuwa na breki za dharura zinazojifunga zenyewe pamoja na mfumo wa kulizuia gari kutoka katika njia yake. Mifumo hiyo hutegemea kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele na, kwa magari mengi, rada iliyo karibu na bampa.

Kioo kikibadilishwa au bampa likigongwa, vifaa hivyo husawazishwa upya. Kamera iliyopinda kwa digrii 1 tu hukosea kwa takribani mita 1.75 katika umbali wa mita 100, yaani nusu ya njia yenye upana wa mita 3.5.

Baadhi ya magari husawazishwa yakiwa yamesimama, mbele ya vibao maalumu, juu ya sakafu tambarare na katika mwanga usiobadilika. Masharti hayo hutimizwa kwa urahisi zaidi gereji. Ua wenye mteremko haufai, hata fundi awe hodari kiasi gani. Mengine husawazishwa yakiendeshwa kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vyema, na hapo fundi anayemfuata mteja anatosha. Yapo pia yanayohitaji njia zote mbili.

Kinachoamua ni maelekezo ya mtengenezaji, si bei. Gari lililopata ajali lipelekwe gereji, kwa kuwa magurudumu hunyooshwa kwanza. Kwa vyovyote, mmiliki adai taarifa ya matokeo iliyochapishwa. Kuzimika kwa taa ya onyo pekee si uthibitisho.