Kutoka Pembe za Ndovu Mpaka Ekseli ya Ford: Stori ya Beringi Iliyomtoa Kijana wa Miaka 20

Lile gari jeusi la kizamani mnaloliona kwenye muvi za Kimarekani, refu, matairi membamba kama ya baiskeli, linaitwa Ford Model T. Lilianza kutengenezwa 1908, likasimamishwa 1927 baada ya kutoka zaidi ya milioni 15. Mengine yanatembea mpaka leo. Na wenye nayo wakikutana, stori haichukui muda kufika kwenye ekseli ya nyuma.

Kwanini nyuma? Kwa sababu ya breki. Ukikanyaga breki ya T haigusi magurudumu hata kidogo. Inabana ngoma iliyoko kwenye giaboksi, halafu nguvu ya kusimamisha inasafiri kwa shafti, inapita kwenye difu, ndio inafika magurudumu ya nyuma. Mbele hakuna breki kabisa. Sasa kiwandani waliweka ndani ya difu washa za madini laini, na miaka ikienda zile washa zinapondeka vipande vipande. Meno ya difu yanaachana. Hapo uwe kwenye mteremko, utakanyaga pedali mpaka mguu uume na gari linashuka tu. Hendibreki ipo, ila ile ni ya kuegeshea zaidi. Ndio maana fundi mwenye akili akiletewa T asiyoijua, anafungua difu kwanza, anatoa zile washa, anaweka za bronzi. Rangi na viti baadaye.

Ukishafungua ndio unakutana na beringi zenyewe, na hizi ukizunguka Gerezani kutwa nzima utarudi mikono mitupu. Hazina gololi. Zina rola, na kila rola ni ukanda wa chuma uliosokotwa kama springi. Wazo lilikuwa kwamba rola ya hivyo inajinyumbua kidogo, kwa hiyo shafti ikipinda au barabara ikiwa ya mashimo, haivunjiki.

Aliyebuni hiyo kitu hakuwa hata mtu wa magari. Alikuwa mpiga chapa. Mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya Marekani ilitangaza dola 10,000 kwa atakayepata mbadala wa pembe za ndovu kutengenezea mipira ya mchezo. Pembe zilishakuwa ghali. Na nyingi zilikuwa zinatoka huku kwetu: Tabora, Ujiji, zinabebwa mabegani mpaka Bagamoyo, zinavuka Zanzibar, zinapanda meli. Yaani watu walikuwa wanakufa njiani ili mabwana wa New York wagonge mipira. Jamaa akahangaika, akatoka na seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Baadaye akawa anatengeneza mashine ya kukamua miwa, beringi zikamsumbua, akabuni rola zake za kusokota. Mwaka 1892 akafungua kampuni.

Kampuni ikayumba vibaya. 1895 akaajiriwa kijana wa miaka 20 hivi, katoka chuo juzi tu. Hali ilipozidi kuwa mbaya, mzee wake na mwenzake wakaweka dola 5,000 kuipa kampuni miezi michache ya kupumua. Kijana akaingia kwenye uongozi, akakomaa. Magari yalipoanza kushika kasi, akawa anazunguka viwandani kuuza beringi.

Siku moja akaitwa na mzee mmoja mkali wa Cadillac, mwenye ndevu nyeupe. Mezani kuna beringi zake zimepangwa. Mzee akachukua maikromita akampimia mbele ya macho yake: hii na ile hazilingani. Akamwambia hata zikiwa maelfu, kila moja lazima iwe sawa na mwenzake. Kijana aliondoka pale kanyooka, na baadaye alisema ndio siku alipojua maana ya kutengeneza kitu kwa vipimo.

Ford akawa mteja wake mkubwa, karibu nusu ya mzigo wote. Ukiangalia vizuri, hiyo ni raha na ni presha: Ford akiamua kujitengenezea, umekwisha. Kwa hiyo 1916 akauza kampuni kwa dola milioni 13.5 kwa mwanzilishi wa General Motors. 1923 yeye mwenyewe akawa rais wa GM, akaleta magari ya rangi tofauti na modeli mpya kila mwaka. Ford bado anang'ang'ania T yake ileile. 1927 T ikazimwa. Yule aliyekuwa anamuuzia beringi ndiye aliyemtoa kwenye reli.

Leo maduka ya spea za Model T bado yapo Marekani, ila kununua tu haitoshi. Rola za pale zinazunguka moja kwa moja juu ya shafti, hakuna ringi ya ndani ya kuikinga. Shafti ikiwa imeliwa, beringi mpya itacheza na grisi itamwagika kwenye gurudumu. Kwa hiyo anayejua anapima shafti kwanza, sehemu iliyolika na sehemu ambayo rola hazijawahi kuigusa, analinganisha. Kwa maikromita, kama alivyofanya yule mzee.